Nilitafsiri "fanya juu" vibaya, shamba la Mikayi likaondoka na mvua

Wakuu, habari za leo. Poleni na kazi, na kama kuna wengine wanaongoja maji ya mfereji kama sisi huku Kisumu, poleni zaidi.

Juzi mdau mmoja aliweka humu picha ya matuta ya Machakos. Mwingine akauliza kwa utani, "Hiyo fanya juu ni kufanya nini huko juu?" Watu wakacheka sana.

Mimi sikucheka. Niliweka simu chini nikabaki natazama ukuta, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Hakuna msiba. Ila swali hilohilo, kama ningeliuliza mimi miaka ya themanini, kuna mama mmoja asingepoteza shamba lake. Ndiyo maana leo naandika. Sitatia chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Majina nimebadilisha. Kisiwa sitakitaja, maana wenyeji wamo humu na wengine ni ndugu zangu wa damu.

Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda apite salama.

Nimezaliwa kisiwani, upande wa Bondo. Kisiwa chenyewe ni mlima uliosimama ndani ya ziwa, basi. Chini kuna ufuo wa wavuvi, katikati mashamba ya mtama na mihogo, juu kabisa malisho ya mbuzi. Nikiwa mdogo huko juu kulikuwa na miti.

Kisha mbuta akaja.

Vijana wa leo hawajui mbuta alivyobadilisha mambo. Ni samaki mkubwa mwenye mafuta, huwezi kumwanika juani kama omena, wale dagaa wetu. Lazima umkaange au umkaushe kwa moshi, na moshi unataka kuni. Kila mwanamke pale ufuoni alikuwa na jiko lake la samaki, na kuni zote zilitoka mlimani. Nilipofika form two mlima ulikuwa kipara. Hakuna mgeni aliyekuja kutukatia, tuliukata wenyewe na hela tukala.

Baada ya hapo mawe yakaanza kuonekana mashambani. Wazee wakawa wanasema mawe yanaota. Na kweli ukilima msimu huu, msimu ujao unakuta jiwe mahali ambapo hapakuwa na jiwe. Ilikuwa vigumu kwetu kukubali kwamba jiwe lilikuwa pale siku zote, na kilichohama ni udongo.

Sasa niwaeleze nyumba yetu. Baba alifariki nikiwa primary, akaacha wake wawili. Kwa Kijaluo, yaani Dholuo, mke wa kwanza anaitwa Mikayi, wa pili ni Nyachira. Mimi ni mtoto wa Nyachira. Mikayi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Binti zake wawili walikuwa wameolewa bara, mtoto wa kiume hakujaliwa. Shamba lake lilikuwa juu, likipakana na malisho. Shamba la mama yangu lilikuwa chini yake moja kwa moja, halafu ziwa.

Kuna mila moja lazima muijue, bila hiyo hamtaelewa lolote.

Kwetu hakuna mtu wa nyumba anayepanda kabla ya Mikayi. Mvua inyeshe, ardhi iive, majirani wamalize kupanda, wewe mke wa pili unakaa na mbegu yako kwenye kibuyu unangoja. Mikayi akishatia mbegu katika shamba lake, hata kama ni mstari mmoja, ndipo mnaruhusiwa. Kwa mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kiume, hicho ndicho kilikuwa cheo chake chote duniani. Na alikishika vizuri, hakuwahi kutuchelewesha hata siku moja.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani nangoja bahati. Kiswahili nilikuwa nimepata alama nzuri na sikumficha mtu. Mnajua Kiswahili cha kwetu enzi hizo, mtu akisema "hujambo" bila kukwama anaonekana amefika Mombasa. Nilikuwa na kiburi wakuu, kiburi cha kitoto lakini kizito.

Basi serikali ilikuwa inahimiza watu wahifadhi udongo, kila mahali ni mitaro. Kwetu akaletwa Bwana Shamba, Mkamba wa Machakos, nitamwita Kilonzo. Alikuja na boti kutoka Usenge akiwa amevaa buti nzito na kofia ya ukili. Dholuo alikuwa anajua maneno matatu, na moja lilikuwa tusi ambalo mtu wa Bondo alimfundisha akimwambia ni salamu. Alitusalimia nalo baraza zima.

Assistant chief aliuliza nani anajua Kiswahili vizuri. Watu wakaninyooshea kidole, nami nikasimama kabla hawajamaliza.

Siku ile nilitafsiri vizuri, nasema bila kujisifu. Kilonzo alieleza jinsi maji yanavyoshuka na kubeba udongo wa juu, ule wenye chakula. Akaonyesha kwa mkono jinsi ziwa lilivyo jekundu ufuoni baada ya mvua, akasema, "Hiyo rangi ni ugali yenu inaenda." Akasema kesho tukutane mashambani awaonyeshe kwa jembe.

Kesho yake malaria ilikuwa imemlaza. Alitetemeka mpaka kitanda cha assistant chief kikawa kinalia. Ikabidi arudishwe bara akatibiwe, na mvua za mwezi wa nne zilikuwa karibu. Kabla hajapanda boti aliomba karatasi, akaandika akiwa amejifunika blanketi.

Maneno yenyewe ninayakumbuka kama jina langu:

"Mitaro ichimbwe kabla ya mvua. Futi mbili kwenda chini, futi mbili upana. Kamba ilale sawa. Kumbuka ni fanya juu, si fanya chini."

Akanipa kamba ndefu na kidude cha chuma chenye kioo, ndani kuna maji na tone la hewa. "Hii ni pima maji," akasema. "Unajua kuitumia?"

"Najua, Bwana."

"Na hiyo karatasi umeelewa?"

"Nimeelewa yote."

Wakuu, ile pima maji nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza maishani. Niliitia mfukoni, nikienda nikiigeuzageuza kutazama tone linavyokimbia.

Nikaisoma karatasi. Fanya juu, si fanya chini. Mimi nilielewa hivi: fanyeni kazi kule juu mlimani, msifanye huku chini karibu na ziwa. Mbona ni rahisi? Nikawaambia watu kwa lugha yetu, "Kunyuru malo, ok piny." Chimbeni juu, si chini.

Na "kamba ilale sawa" nikaelewa kwamba kamba ilazwe vizuri chini, isikae na mafundo.

Watu wakakubali. Ila Mikayi alikuwa amesimama nyuma na jembe begani, akauliza. Alisema kwa Dholuo, mimi naweka kwa Kiswahili.

"Huko juu hakuna shamba la mtu. Tunachunga nini huko?"

Nikamjibu, "Tunazuia maji kabla hayajashuka, Mama."

"Na mchanga tutakaotoa, tunatupa upande gani?"

(Kwetu udongo wote ni mchanga. Walimu wenzangu mnisamehe, ndivyo tunavyosema.)

Karatasi haikusema chochote kuhusu kutupa. Au niseme ilisema, ila mimi sikujua kwamba imesema. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Chini, Mama," nikasema. "Nani anatupa mchanga kupanda mlima?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hayo ni maneno ya Bwana Shamba?"

"Ni maneno yake."

Hapo ndipo nilipoacha kutafsiri nikaanza kudanganya. Tofauti niliiona baadaye sana.

Tulichimba karibu wiki mbili, kwa saga, yaani ile kazi ya kusaidiana ambapo leo mnaenda kwa huyu na kesho kwa yule, ila safari hii wote tulikuwa mtaro mmoja. Wanawake walileta uji, vijana wakashindana. Ulikuwa mtaro mrefu, umezunguka kichwa cha mlima kama mkanda wa suruali. Udongo tuliutupa upande wa chini, ukakaa pale umelegea, mlima mzima wa udongo juu ya mashamba. Tuliufuata kwa kamba iliyolazwa ardhini na kwa macho. Macho yalituambia uko sawa.

Haukuwa sawa. Ulikuwa umeinama kidogo kuelekea upande wetu. Mtu aliyesimama mlimani hawezi kuona mwinamo mdogo, ndiyo maana kuna pima maji, na pima maji ilikuwa mfukoni kwangu.

Mvua kubwa ilikuja mchana, baada ya chakula. Mikayi alikuwa ameshafungua upandaji, mama akafuata, mtama ulikuwa umefika magotini. Nilikuwa chini ya paa la nyumba ya mama natazama. Mtaro ulijaa. Maji yakafanya yanachofanya siku zote, yakatafuta mahali palipo chini, na maji ya mlima wote yakakusanyika kwenye sehemu ile iliyokuwa juu ya shamba la Mikayi.

Kwanza ukaenda ule udongo uliolegea. Halafu kukawa na mlio kama gunia la mahindi linalopasuka. Muda wa kusonga ugali haukuisha, shamba lilikuwa limekwenda.

Mikayi alitoka akasimama mvuani. Alishika jembe kwa mikono miwili, maji yanampita miguuni, mtama wake unapita, yeye anatazama tu. Mvua ilipokatika pale palikuwa na mwamba mweupe uliooshwa safi na korongo la kumfika mtu kiunoni. Upande wa chini kabisa kilikuwa kimebaki kipande cha upana wa nyumba mbili.

Ziwa lilikuwa jekundu wiki nzima.

Na sehemu ya udongo ule haikufika ziwani. Ilitandazwa kwenye shamba la mama yangu.

Kilonzo alirudi, amekonda, amebeba kitu kama aibu hata kabla hajajua kilichotokea. Aliupanda mlima, akautazama mtaro, akatazama korongo. Watu walikuwa wamekusanyika na walikuwa na hasira. Akanigeukia.

"Ouma, wewe uliambia watu nini?"

"Ulichoandika, Bwana."

"Lete karatasi."

Nikampa. Akaisoma mara mbili. Akanitazama, halafu akatazama mtaro tena, na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa kila kitu. Aliikunja akaitia mfukoni.

"Waambie hivi," akasema. "Hii makosa ni yangu. Mimi niliandika vibaya. Niliacha kazi kabla ya kuonyesha. Waambie nimeomba msamaha."

Wakuu, ilibidi nitafsiri hayo. Nilisimama mbele ya watu wote, mbele ya Mikayi, nikatafsiri mtu akijitwika kosa langu. Na hayo nilitafsiri neno kwa neno, sikukosea hata silabi.

Watu walimzomea. Mzee mmoja akamwambia asirudi tena kisiwani na mitaro yake ya Ukambani. Hilo nalo nikamtafsiria. Akaitikia kwa kichwa, akashuka kwenda kwenye boti peke yake.

Nilidhani yameisha.

Msimu ule mtama wa mama ulitoka ajabu. Mashuke makubwa, mabua mazito, watu wanasimama njiani kutazama. Kwani si ulikuwa umekula udongo wa mashamba mawili? Maneno yakaanza ufuoni. Nani aliyeleta habari ya mtaro? Mtoto wa Nyachira. Udongo umetoka wapi? Kwa Mikayi. Umekwenda wapi? Kwa Nyachira. Wakawa wanasema waziwazi kwamba mke wa pili amemtuma mwanawe aibe udongo.

Mjaluo anaweza kuibiwa ng'ombe, nyavu, hata mke, akaamka akaendelea. Kuibiwa udongo ni jambo jingine. Mama alikuwa analia huku anavuna.

Alimpelekea Mikayi kikapu cha mtama. Kikarudi vilevile, kimefunikwa na kitambaa kilekile. Hakikuja na maneno.

Msimu uliofuata mvua ikaja mapema. Ardhi ikaiva. Majirani wakapanda. Nyumbani kwetu hakuna aliyepanda, kwa sababu Mikayi hakupanda. Siku tatu, siku tano, wiki. Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, alikuja kumwomba. Alimkuta amekaa mlangoni anachambua mboga.

"Nipande wapi?" Mikayi akamuuliza. "Juu ya jiwe?"

"Panda hata kwenye kile kipande, watu wapate ruhusa."

"Kile kikioshwa na mvua moja, mwaka kesho nitapanda kwenye sufuria?"

Baba mdogo akaondoka zake. Mama akaanza kuhesabu siku. Mbegu ikichelewa wiki moja nyingine, mvua ingeisha punje za mtama zikiwa bado laini, za maziwa, na tusingevuna kitu. Kuna watu walimshauri apande tu, mambo ya mila ni ya zamani. Mama akakataa. Alisema, "Shamba lake limekwenda. Nikimpita na kupanda nitakuwa nimemwondoa na yeye."

Nilimsikia akisema hivyo, nikainuka. Nilimshika mkono, nikamwambia twende kwa Mikayi. Mama alidhani tunaenda kuomba.

Nilimweleza Mikayi yote, nimesimama uani kwake, mama yuko pembeni. Kwamba yale hayakuwa maneno ya Bwana Shamba. Kwamba neno la fanya juu sikulijua maana yake na mpaka siku ile nilikuwa bado silijui. Kwamba pima maji sikuitoa mfukoni.

Mama alikaa chini palepale, kwenye udongo.

Mikayi alimtazama mama pale chini. Halafu akasema polepole, "Mimi nilikuuliza. Nilikuuliza mchanga tunatupa wapi."

"Ndiyo, Mama."

"Ungesema hujui, ningengoja. Nimengoja mambo makubwa kuliko hilo." Akanitazama. "Kusema hujui kungekupunguza nini?"

Nimefundisha Kiswahili miaka zaidi ya thelathini, nimesahihisha insha za watoto wa watu, na bado sina jibu la swali hilo.

Hakunitukana. Alinipa kazi. "Kesho uende Bondo. Mwambie yule Mkamba, mke wa kwanza wa nyumba ile anasema kosa halikuwa lako. Anasema uje. Uje na jembe, usije na karatasi. Nenda na hayo, usiongeze la kwako."

Nikaenda. Nilimkuta Kilonzo nyuma ya ofisi yake anamwagilia miche. Nikampa maneno ya Mikayi kama nilivyopewa, halafu nikamuuliza lile swali nililochelewa nalo mwaka mzima: fanya juu ni nini?

Alichukua jembe, akachimba kidogo pale kwenye mteremko wa uani, akautupa udongo upande wa juu wa shimo.

"Hii ni fanya juu. Mchanga inaenda juu. Maji ikishuka inakuta ukuta, inaacha mchanga yake hapo. Kidogo kidogo shamba inajaza yenyewe, inakuwa kama ngazi." Akatupa jembe la pili upande wa chini. "Hii ni fanya chini. Basi."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa nini alijibebesha kosa.

Akaokota kopo lake la maji. "Mimi ni mtu wa kuhamishwa. Wewe unabaki pale na hao watu. Ningesema ni wewe, wangekuua au wangekufukuza, na mtaro bado ungekuwa mbaya." Halafu akaongeza, "Na mimi pia ni makosa. Niliuliza kijana kama amejua, yeye akasema amejua, nikaamini. Hiyo si kazi."

Alikuja na boti ya kesho yake. Watu walijaa ufuoni kumkataa, na hapo Mikayi alinipa kazi ya pili, ambayo ilikuwa nzito kuliko safari ya Bondo. Alisema, "Waambie. Kwa mdomo uleule."

Niliwaambia kwa Dholuo, kuanzia mwanzo. Kilonzo alikuwa amesimama kando yangu haelewi neno. Mmoja akatema mate, mmoja akacheka. Nilipomaliza, Kilonzo akaniinamia, akauliza, "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia karatasi yako ilikuwa sawa."

Siku hiyohiyo wakanipachika jina. Ang'eyo, maana yake Najua. Ndivyo ninavyoitwa nyumbani mpaka leo, wajukuu wa watu wananiamkia "Shikamoo Mzee Ang'eyo" bila kujua wananichoma.

Tulianza na ule mtaro wa juu, tukausawazisha kwa pima maji, kamba ikiwa hewani kati ya fito mbili na tone la hewa limetulia katikati. Ndivyo kamba inavyolala sawa. Kisha tukachimba fanya juu kwenye kile kipande kilichobaki kwa Mikayi. Kutupa udongo kupanda mlima ni kazi ya kuvunja mgongo, wakuu, na kila mtu alinung'unika. Mimi sikuwa na haki ya kunung'unika.

Tuta likapatikana, limesimama. Ila lilikuwa jembamba, changarawe tupu, maana udongo wa maana haukuwepo tena pale.

Hapo mama yangu akaja kutoka chini. Alikuwa na karai kichwani limejaa udongo mweusi wa shambani kwake. Hakumsalimu mtu. Alilimwaga juu ya tuta, akashuka, akarudi na jingine. Mara ya tatu nikajitokeza kumpokea, akanikwepa. Mara ya nne baba mdogo na wengine wakashika makarai yao wakamfuata, na mpaka jua linaelekea ziwani tuta lote lilikuwa jeusi.

Mikayi alikuwa ametazama yote hayo. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu chake. Akapiga magoti kwenye tuta, akatia mbegu mstari mmoja, polepole, akazifunika kwa kiganja. Akasimama, akapangusa mikono, akamgeukia mama.

"Nyieka," akamwambia, yaani mke mwenzangu. Alikuwa hajamwita hivyo tangu mvua ile. "Nenda ukapande."

Mama alishuka mbio. Mwanamke mzima, alikuwa anakimbia.

Sitawadanganya kwamba shamba lilirudi. Matuta yaliongezwa mwaka hadi mwaka, yakashika udongo, katikati ya miaka ya tisini mtu alikuwa anaweza kulima pale na akavuna chakula chake. Lakini ule udongo wa kwanza, ule uliokaa pale tangu babu wa babu, uko chini ya ziwa, na hakuna karai la kuurudisha. Kilonzo alihamishwa kama alivyosema. Sikuwahi kumwona tena.

Mikayi alifariki kabla muongo ule haujaisha. Mila ikampa mama yangu kazi ya kufungua upandaji. Mimi nilikuwa nafundisha karibu na Kombewa, nikaja nyumbani msimu ule wa kwanza kumsindikiza. Nilitegemea aanzie shambani kwake, ndiyo haki yake sasa. Akapita shamba lake bila kulitazama, akapanda juu, akatia mstari wa kwanza kwenye tuta la Mikayi. Ndipo akashuka kwake. Alifanya hivyo kila mwaka mpaka magoti yalipomkataza.

Hakuna mila inayosema hivyo. Nilimuuliza kwa nini.

Akasema, "Msimu mmoja nilikula mavuno yake."

Basi wakuu, hilo ndilo lilikuwa moyoni. Somo langu ni fupi na mnalijua tayari: neno "sijui" ni neno halali la Kiswahili, lipo kwenye kamusi, na mtu mzima akilisema hapungui kilo. Darasani kwangu mtoto aliyesema "sijui" sikuwahi kumchapa. Aliyesema "najua" na hajui, huyo tulikuwa tunakaa naye baada ya kengele mpaka ajue.

Karibuni mchangie. Waliotoka visiwani wasimulie mlima wao uko hali gani, na kama kuna mtu aliwahi kuwa mkalimani akaongeza la kwake, aseme leo. Na wewe uliyeuliza maana ya fanya juu ukachekwa, uliuliza vizuri, endelea kuuliza. Watu wakicheka waache wacheke. Kicheko hakisombi udongo.